Popote, Pamoja na Dutwa

Simu ilipokelewa na mume wangu, kwa sababu mimi nilikuwa uani nafua na mikono yangu imejaa povu. Akaja akasimama karibu na beseni. "Wanasema bibi yako amefariki. Huko Dutwa." Kisha akasubiri nimwambie kwamba wamekosea namba, maana bibi zangu wote wawili walikwisha kuzikwa, na wa pili alimzika yeye mwenyewe kwa mikono yake. Sikumwambia wamekosea. Nilikaa chini pale pale kwenye majimaji nikalia kama mtoto, naye akabaki anauliza, "Mama Neema, bibi yupi?" Miaka yote ya ndoa yetu alimjua kama mama mmoja wa Dutwa, mteja wangu wa zamani, anayetutumia michembe, viazi vya kukausha, kila baada ya mavuno. Hakuwa mteja wangu. Mteja alikuwa mtu mwingine kabisa, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Basi njia nzima kutoka Mwanza kwenda msibani nilikuwa namsimulia mwaka ule, na kwa kuwa mdomo umeshafunguka, acha nimalizie hapa.

Mwaka ule mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, Bariadi ilihesabiwa Shinyanga, na mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mhariri wa video katika studio ya Seif. Seif alitoka Kigoma kufuata biashara ya pamba, pamba ikamtupa, akashika kamera. Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za pamba, kwa hiyo bibi harusi wote wa Bariadi nimewahariri huku pua inaniwasha kwa harufu ya sumu ya wadudu. Chumba cha mbele kilikuwa na kitambaa cha bluu ukutani, viti viwili vya plastiki na feni isiyozunguka. Cha nyuma kilikuwa changu: kompyuta, stuli, na taulo bichi la kuipoza kompyuta ikianza kuchemka. Kati ya vyumba hivyo ulisimama ukuta wa mbao laini za dari, na ukuta ule haukuficha chochote. Nikila ugali wangu na dagaa mchana, nasikia wateja wanavyojieleza upande wa pili. Baba mmoja alitaka mke wake mdogo aondolewe kwenye harusi nzima ya mwanawe. Seif akamwambia, "Mzee, amevaa njano na amecheza kila wimbo, nikimwondoa huyo harusi inabaki na keki tu." Mikataba hatukuwa nayo. Mtu anasema anachotaka, Seif anasema "usijali", wanashikana mikono, imekwisha. Ndoa, kipaimara, kwaya, vyote tulivifanya kwa "usijali".

Ndipo akaja Madam Stella. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mtu wa shirika moja lililokuwa na ofisi mjini kwa muda, na alitaka filamu juu ya wanawake wazee wanaosingiziwa uchawi na kufukuzwa kwenye nyumba zao. Sitaki kumchora vibaya. Alikuwa mtu mwenye uchungu wa kweli, na jambo lenyewe lilikuwa la kweli, sote tulilijua, tulikuwa tunalisema kwa sauti ya chini. Alituita mimi na Seif kwenye chumba cha kulia cha gesti alikofikia, akatuagizia sato wa Nassa, kule ziwani, samaki mkubwa mpaka mkia unatoka nje ya sahani, kisha akatoa mkataba. Ulikuwa mkataba wa kwanza katika maisha ya studio yetu. Akausoma kipengele kwa kipengele, kwa Kiswahili, polepole, bila kuficha neno. Filamu iwe na ushuhuda wa mtu wa eneo hili, kwa sura na sauti. Kazi ikikamilika ni mali ya mteja. Mteja ana haki ya kuionyesha popote. Seif, vidole vina mafuta ya samaki, akacheka. "Popote! Hata Ulaya onyesheni, Madam." Nami nikacheka. Akafuta vidole, akasaini.

Nimelifikiria neno lile "popote" miaka mingi, na mpaka leo najua hatukuwa wajinga wala hatukudanganywa. Tulilisikia vizuri. Ila kwetu sisi "popote" ilikuwa na maana ya mbali. Tangu nipate akili nimeona watu wakija kutupiga picha: ng'ombe wetu, pamba yetu, watoto wetu wenye makamasi, wazee wetu wanaocheza na nyoka. Wanapiga, wanapanda gari, wanakwenda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutuonyesha. Filamu juu yetu ilikuwa kitu cha kuonyeshwa watu wengine, na akilini mwetu "popote" ilikuwa Dar es Salaam, Arusha, Ulaya, kila mahali isipokuwa hapa. Kosa kama lile mtu wa Dar, aliyezoea kujiona kwenye televisheni, asingelifanya.

Aliyekubali kusema alikuwa Bibi Ngolo, mjane wa pembezoni mwa Dutwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama ya mama yeyote aliyepikia mavi ya ng'ombe miaka arobaini pale kuni zilipoadimika, na watu wakayafanya macho yale kuwa ushahidi. Mtoto wa shemeji yake, mwanamume aitwaye Ndaki, alikuwa analitaka jaruba lake la mpunga. Ndama wa Ndaki akafa, mtoto wa jirani akaugua, neno likapita, na siku moja nyumba ya bibi ikawaka moto. Alipona kwa sababu jirani yake, Mzee Maduhu, alimficha chini ya pamba kwenye chumba alichohifadhia mavuno, akakaa mlangoni ananoa jembe mpaka vijana waliochoma nyumba wakapita. Tulipofika kwake alikuwa amejengewa upya chumba kimoja, anaishi na mjukuu wake Masunga, na Ndaki anapita njia hiyo hiyo kila siku akienda kisimani.

Alitukaribisha ndani. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mitungi miwili, na ukutani bado kulinuka udongo mbichi. Akatupa michembe iliyopikwa kwa karanga na maziwa mgando kwenye kibuyu, na mpaka tulipomaliza hakukubali kamera itolewe kwenye mkoba. Kisha akamtuma Masunga akamwite Maduhu na mkewe. Seif alikuwa anajua Kisukuma cha salamu na asante tu, mwangaluka na wabeja, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri.

"Karatasi zenu sizijui," bibi alisema. "Kwetu mtu akiahidi, anaahidi mbele ya watu. Nyinyi mtaondoka, mimi nitalala hapa. Huyu mwenye kamera aseme mbele ya Maduhu: picha hii haitaonyeshwa huku kwetu."

"Mwambie haitaonyeshwa huku," Seif alijibu bila kusita. "Naahidi."

Nikayageuza maneno yale kwa Kisukuma. Yalitoka moyoni kwa Seif, lakini sauti aliyoisikia bibi ilikuwa yangu, na macho yake yalikuwa kwangu. Mzee Maduhu akasema, "Tumesikia." Mkewe akasema, "Tumesikia." Basi, hakuna aliyeandika. Ndipo bibi akakaa sawasawa mbele ya kamera, akaeleza kila kitu, akamtaja na Ndaki kwa jina, kwa ile sauti yake ambayo Dutwa nzima iliijua, kwa kuwa miaka mingi alikuwa ndiye mwanzisha nyimbo kwenye palizi na kwenye ngoma za harusi.

Nilihariri filamu ile kwa wiki kadhaa, na sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule. Madam Stella alipokuja kuitazama alilia, akafuta macho, akasema ni nzuri kuliko alivyotegemea. Nikarudi chumbani kwangu kunywa chai na andazi. Upande wa pili wa ukuta nikamsikia anasema, kwa furaha kabisa, "Tutaanzia Dutwa. Siku ya mnada watu ni wengi. Gari lenye skrini linakuja kutoka Mwanza."

Nikaliweka andazi chini. Seif akasema, "Madam, Dutwa hapana. Tulimwahidi yule mama."

"Nani alimwahidi? Mimi sikumwahidi mtu. Mkataba wangu ni na wewe, Seif, na unasema popote."

"Ndiyo, popote, lakini..."

"Lakini nini? Filamu ya kuwaonya watu wa Dutwa nikaionyeshe Arusha? Waliochoma nyumba wako Arusha?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana lilinitisha. Seif akasema wataifunika sura ya bibi. Akakumbuka kwamba sauti nayo Dutwa nzima inaijua. Akasema basi wamtoe kabisa. Madam akasema kipengele cha kwanza kinadai ushuhuda wa mtu wa hapa, sura na sauti, na yeye naye ana mkataba na waliompa kazi, asije akaonekana amepeleka kanda tupu. Sauti zikapanda. Nikasikia kiti cha plastiki kinasukumwa. "Kazi ni mali yangu," Madam alisema. "Usiponipa leo, nitakuja na mwanasheria, na ikibidi na polisi." Seif akajibu kwamba atakuja kumkuta yuko pale pale. Nilimjua Seif, hakuwa shujaa. Alijua pia kwamba sheria haikuwa upande wake. Kwa upande wangu nilikuwa nauona mlango wa chumba kile cha udongo, na Ndaki anapita na ndoo yake, safari hii akiwa amesikia jina lake kwenye spika mbele ya mnada mzima. Bibi yule angekufa. Sikuwa nadhani, nilikuwa najua.

Nikatoka. "Madam, siku ya mnada utalala wapi?"

Alinitazama kama ndiyo kwanza anajua kuna mtu nyuma. "Hapa Bariadi. Gesti."

"Yeye atalala Dutwa."

Dukani mtu alikuwa anapatana bei ya bomba la kupulizia dawa. Madam akakaa, na nilipomwona amekaa nikajua ameelewa, lakini mkataba wake bado alikuwa ameukamata. "Sasa nifanye nini, mdogo wangu? Nahitaji sura. Nahitaji sauti ya mtu wa hapa."

"Mimi ni mtu wa hapa," nilisema.

Nilikuwa sijapanga kusema hivyo. Nikawaeleza nikiwa bado nawaza: nikae mimi mbele ya kitambaa cha bluu, niyaseme yale yale yaliyotendeka, moto, pamba, jembe linalonolewa, bila jina la kijiji wala la Ndaki. Nitasema ni bibi yangu, nami ni wa Bariadi mjini. Madam akauliza kama huo si uongo. Nikamjibu kwamba kila neno litakuwa la kweli isipokuwa bibi, na bibi tutamweka salama. Seif akaniuliza kwa upole, "Kabula, na kina Paulo je?" Paulo alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa Ngulyati, na wazee wake walikuwa wameshaanza mazungumzo ya mahari. Nilisema kina Paulo wataelewa. Nilisema hivyo haraka, ili nisipate nafasi ya kujisikiliza. Mchana ule ule tukapiga, na Madam akaandika pembeni mwa mkataba, kwa mkono wake, kwamba ushuhuda umebadilishwa kwa makubaliano na kanda ya kwanza haitatumika mahali popote. Akasaini, Seif akasaini. Kanda yenyewe ikabaki kwa Seif. Madam akatutakia siku njema, akaenda zake bila kumaliza chai.

Siku ya mnada nilikwenda Dutwa mwenyewe. Sijui nilikuwa nakwenda kufanya nini kama mambo yangeharibika. Jua lilikuwa linazama, ng'ombe waliouzwa wameshaondolewa, jenereta linanguruma, na watu wamejaa mpaka juu ya mikokoteni. Nilijificha nyuma ya wauza nyama choma. Sura yangu ikatokea pale, kubwa kama nyumba, chunusi zote zinaonekana, nikaanza kusema, "Bibi yangu walimchomea nyumba." Nikatupa macho, nikamwona Bibi Ngolo. Alikuwa amesimama katikati ya watu, khanga imefunika kichwa, anatazama juu, akiyasikiliza maneno yake kwenye mdomo wa mwingine. Mzee Maduhu alikuwa kando yake. Hatua chache nyuma yao alisimama Ndaki, fimbo begani. Nikashika nguzo ya kibanda cha nyama. Filamu ilipokwisha, Ndaki alitema mate pembeni akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu aliyeshusha pumzi, "Kumbe mambo haya yapo mpaka Bariadi."

Filamu iliendelea na safari yake. Ilifika na Ngulyati. Wazee wa Paulo hawakutukana, walituma mtu mmoja mstaarabu sana aliyekunywa soda yetu yote, kisha akasema kwamba vijana wao wameonelea wasubiri kwanza. Kuna nyumba, alisema, ambazo mtu anaoa mke mmoja anaingia na mambo ya ukoo mzima. Paulo mwenyewe alinijia studio, akaniomba niseme tu mbele ya baba yake kwamba yule si bibi yangu, ilikuwa kazi tu, ilikuwa maigizo. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Lakini wangeuliza, kama si bibi yako ni wa nani, na Ngulyati na Dutwa watu ni wale wale, wanaoana, wanauziana ng'ombe, neno lingefika kabla ya jioni. Nikamwambia, "Ni bibi yangu." Akaondoka na baiskeli yake. Nililia siku nyingi, na nilimchukia Madam, nikamchukia Seif, na kwa muda, Mungu anisamehe, nilimchukia hata yule bibi.

Ndipo siku moja asubuhi nikasikia sauti ile dukani, inasalimia watu wote mpaka wauza dawa. Masunga alikuwa amembeba kwa baiskeli kutoka Dutwa, na mkononi bibi alikuwa na kuku jike mwekundu amefungwa miguu. Akaingia mpaka chumbani kwangu, akakaa kwenye stuli yangu, akaitazama kompyuta na taulo lake bichi. Nikampa kanda yake. Aliigeuza mara moja tu, akaitia kwenye pindo la khanga, kana kwamba hakuifuata hiyo.

"Nimesikia walioposa wamerudi kwao," alisema.

"Wamerudi, bibi."

"Ulisema mbele ya watu kwamba mimi ni bibi yako. Mnada mzima umesikia."

Nikaanza kumweleza kwamba ilikuwa namna tu ya kumficha. Akaniinulia kiganja. "Hilo nalijua. Mimi nakuuliza jingine. Lililosemwa mbele ya watu halirudi tumboni. Je, utanizika?"

Seif alikuwa amesimama mlangoni. Masunga alikuwa ameshika kuku. Bibi aliwatazama wote wawili kwanza, kuhakikisha wanasikia, kisha akanitazama mimi.

"Nitakuzika," nilisema.

"Ng'wizukulu wane," akasema, mjukuu wangu, na akanikabidhi kuku.

Siku hizi nina kampuni yangu ya video Mwanza, na mikataba yangu ina kurasa nyingi kuliko ule wa Madam Stella. Wateja wananicheka, maana nikifika kwenye "popote" nasimama. Nawauliza, popote, pamoja na mahali tulipopigia? Pamoja na nyumbani kwa huyu anayeonekana? Wengine wanaona naleta mkosi kwenye kazi. Seif, ambaye sasa ana mvi na duka la simu, anasema nimekuwa mgumu kuliko benki. Lakini mwaka ule ulinifunza kwamba mkataba huwafunga waliokaa mezani wakila sato, na mara nyingi anayeumia ni yule ambaye hakualikwa kula.

Tulifika Dutwa watu wameshakusanyika. Seif alikuwa ametangulia. Nyumba ya bibi ilikuwa ya matofali sasa, Masunga amemjengea, na jaruba la mpunga bado lilikuwa lake, kijani mpaka mtoni. Alikufa kitandani, usingizini, mzee kabisa. Ndaki naye alikuwepo, amezeeka, mgongo umepinda, na kama mwanamume mkubwa wa ukoo yeye ndiye aliyeshika koleo kaburini. Wajukuu wakaitwa watupe udongo. Masunga akatupa wake. Nikasogea, na Ndaki akaliweka koleo mbele yangu kunizuia, hakunizuia kwa ubaya, kwa taratibu tu.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Ngolo hakuwa na mjukuu wa kike."

Watu wakanitazama. Mume wangu akanishika mkono.

Mzee Maduhu alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kaburi, fimbo magotini, karibu haoni tena. Hakuinua hata kichwa.

"Ndaki, unauliza nini? Ulikuwepo mnadani. Ulimsikia mwenyewe."

Ndaki alinitazama usoni kwa muda mrefu. Nikaona anavyoikumbuka ile sura kubwa kama nyumba, nikaona anavyoanza kuelewa maneno yale yalikuwa ya nani, na nyumba iliyochomwa ilikuwa ipi. Kisha akaligeuza koleo, akanipa mpini.